Kivuli Juu ya Herufi ya Mwisho

Mathilde, jirani yetu, si mtu wa kuota mchana. Hilo lisemwe kabla ya mengine. Amezaa wanne, amezika mume, na kila alfajiri anateka maji, anatwanga majani ya muhogo ya sombe, anaamsha watoto, kisha anatembea nusu saa kwenda kupangusa sakafu za watu. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya mapepo. Ndiyo maana aliposimulia yaliyompata, hakuna aliyemcheka.

Jengo lenyewe kila mtu wa Kasongo analijua. Lina ghorofa nne, madirisha ya kioo cha buluu, na juu ya paa kuna bango la chuma lenye herufi sita nyekundu, kila moja ndefu kuliko mwanamume: ZAMIRA. Ni kampuni ya simu na ya kutuma pesa. Lilipomalizika, wenye pikipiki walianza kuelekezana kwalo, na wauza samaki waliotoka mto Lualaba walisema wameliona kabla ya kuuona mji. Ng'ambo ya njia benki moja ilikuwa tayari inachimba msingi wa jengo lake, na ilisemekana bango lao litakuwa kubwa zaidi. Watu sokoni walifurahi, wakasema mji umeota pembe. Mathilde alihesabu ngazi zilizokuwa zinamngoja.

Aliyefunga herufi zile ni Joël, fundi wa kuchomelea vyuma, kijana wa kijiji cha Wamaza, upande wa Kabambare. Tano alizifunga salama. Ya sita, ile A ya mwisho, alikuwa ameikalia kileleni, miguu inaning'inia, anakaza bolti, mvua ikaanza. Hakuna aliyemwona akianguka. Walisikia tu.

Ndugu zake walimrudisha kwao kwa pikipiki, sanduku limefungwa kwa kamba za mpira, siku mbili za matope. Mafundi wenzake walichomeka matawi matatu ya mchikichi kando ya njia, mbele ya jengo, kama tunavyofanya popote penye kilio, ili mpita njia ajue na apunguze mwendo. Mama yake Joël alituma neno moja tu: matawi yasiguswe. Kwao, mtu akifia ugenini, mama yake mzazi ndiye anayeyang'oa matawi ya pale alipoangukia, siku ya arobaini. Anamwita mwanawe kwa jina, anayabeba mpaka kaburini bila kuyatua chini. Hapo ndipo marehemu anakuwa amefika nyumbani.

Neno hilo Mathilde alilisikia. Hawezi kusema hakulisikia.

Siku ya tisa ikawa sikukuu ya kufungua jengo. Saa moja asubuhi Djamali, shefu wa pale, yaani mkubwa wao, alimkuta Mathilde ameinamia ndoo.

"Mama Darlène, wageni wanafika saa tatu. Nataka mulango ipambwe na matawi ya muchikichi. Kama kwa arusi."

"Shefu, michikichi iko kule mutoni. Kwenda na kurudi ni saa nzima."

"Basi kimbia."

Usiku wa kuamkia siku ile mtoto wake wa mwisho alikuwa na homa, na Mathilde hakufumba jicho. Miguu ilikuwa imevimba. Alitoka nje, akatazama njia ya kwenda mtoni. Kisha akatazama matawi matatu ya Joël. Mvua za mfululizo zilikuwa zimeyaacha mabichi kabisa.

Aliyang'oa.

Raphaël, mzee anayelinda lango, aliinuka kwenye kiti chake. "Mama Darlène! Ile iko ya kilio."

"Kilio iko Wamaza, Papa Raphaël. Hapa kumebakia majani."

"Majani iko na mwenyewe."

"Basi mwenyewe akuje anisaidie kufagia."

Alicheka peke yake. Raphaël hakucheka.

Wageni walipita kati ya matawi yale, wakapiga makofi, wakala mbuzi, wakanywa. Jioni Mathilde aliyakuta yameegemezwa ukutani, yanangoja kutupwa. Mkono wa mama wa watoto wanne hautupi kitu. Alichambua majani, akabaki na njiti ngumu za katikati, akafunga fagio mbili: mrefu wa kazini, mfupi wa nyumbani.

Jioni ileile bango liliwashwa kwa mara ya kwanza. Herufi tano ziliwaka. A ya mwisho ilikataa.

*

Siku ya arobaini alifika mwanamke mwembamba juu ya pikipiki, matope mpaka magotini. Alishuka taratibu, akasimama kando ya njia mahali palepale, akatazama ardhi. Alikuwa mama yake Joël. Anaitwa Estelle.

Mathilde alikuwa anafagia mbele ya mlango. Hakuweza kukimbia.

"Mama, karibu. Pole na safari."

"Aksanti, mama. Kulikuwa matawi hapa."

"Mbuzi," Mathilde akasema. "Mbuzi walikula."

Mwanamke yule alimtazama usoni. Kisha akatazama mkono wake. Kisha akautazama ufagio, muda mrefu, kama mtu anayetafuta sura ya ndugu yake katika kundi la watu.

"Ufagio yako iko mupya," akasema polepole.

"Niliununua sokoni."

"Haya." Estelle akajifunga vizuri kitenge chake. "Niko kwa mudogo wangu, nyuma ya kanisa. Pikipiki inanirudisha siku ya Mungu. Sasa nitarudia mikono mitupu. Mutoto atabakia hapa, anangojea mutu wa kumupeleka."

Hakulia. Alikwenda zake kwa mwendo wa mtu ambaye safari imemla mifupa. Mathilde aliendelea kufagia pale pale, mahali pasipo na uchafu.

Mchana ule, kama saa kumi, alitoka kumwaga maji machafu. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama upande wa Lualaba, na kivuli cha bango kilikuwa kimelala mashariki, kimeruka ukuta, kimekata njia, kinaelekea kule kunakoanzia barabara ya Kabambare. Herufi sita zilikuwa zimechorwa kwenye vumbi, wazi kabisa.

Juu ya herufi ya mwisho kulikuwa na kivuli cha mtu ameketi. Miguu yake ilikuwa inaning'inia.

Mathilde aliinua macho. Juu ya bango hapakuwa na mtu.

Aliinamisha macho. Miguu ya kivuli ilikuwa inabembea.

Ndipo alipotambua kwamba Raphaël alikuwa amehamisha kiti chake. Siku zote kilikuwa upande huu, penye kivuli. Sasa mzee alikuwa ameketi upande wa pili, juani, jasho linamtiririka.

"Papa Raphaël," alinong'ona. "Unaona?"

"Sioni kitu."

"Tangu siku gani?"

Mzee hakugeuka. "Tangu siku mulipitisha watu chini ya majani yake."

*

Ungedhani Mathilde angekwenda nyuma ya kanisa jioni ileile, akasema ukweli. Hakwenda. Alipofika nyumbani mtungi ulikuwa mkavu, mtoto wa tatu alikuwa amepigana shuleni, na unga ulitakiwa kuchekechwa. Alisema, kesho. Kesho yake akasema, kesho. Uchovu unamfanya mtu aone dhambi kama chombo kichafu, kitaoshwa tu. Na kama angesema, Djamali angesikia, na kazi ingekwisha.

Jioni ya Ijumaa Darlène, binti yake mkubwa, alirudi akiimba. Darlène ana miaka ishirini na miwili, amesoma ufundi wa umeme, msichana peke yake darasani. Tangu amalize alikuwa anatengeneza redio na taa za watu hapa mtaani.

"Mama! Piga vigelegele. Nimepata kazi."

"Wapi?"

"Kwako! Shefu Djamali amenipatia ile A. Kesho ninapanda."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Usipande."

"Eh?"

"Nimesema usipande."

"Mama, ulinisomesha miaka ine ili niwe nini? Umeme haipandwe chini kama muhogo."

Wadogo zake walicheka. Mathilde alirudi kukoroga. Angesema nini, nimeona kivuli? Yeye aliyekuwa akiwafukuza watoto wa jirani waliokuja na hadithi za wachawi, akiwaambia mchawi ni mbu, mukalale ndani ya chandarua?

Alikubali nusu. "Panda asubuhi. Mbele ya saa sita uwe umeshuka. Sikia?"

"Nimesikia, mama. Asubuhi."

Usiku aliwaza: asubuhi kivuli kinalala upande mwingine. Labda asubuhi yeye hayupo. Mtu mwenye akili timamu akianza kupanga saa za kazi kwa kufuata ratiba ya marehemu, ameshaamini, hata kama anakana.

*

Asubuhi ya Jumamosi mvua ilinyesha. Ilinyesha mpaka saa saba. Mathilde alishukuru. Alidhani kazi imeahirishwa.

Saa kumi alikuwa ghorofa ya tatu, anafagia. Jua lilikuwa limetoka kali, kama linavyotoka baada ya mvua. Alipita dirishani. Hakutaka kutazama. Alitazama.

Kivuli cha bango kilikuwa kimelala njiani. Z. A. M. I. R. A.

Juu ya herufi ya mwisho hapakuwa na mtu aliyeketi.

Alishusha pumzi. Kisha akaona. Kivuli kilikuwa kimesimama. Chini ya herufi. Kimeshika ngazi.

Na juu ya ngazi kulikuwa na kivuli cha pili. Chembamba. Kitambaa kichwani, fundo nyuma ya kisogo. Fundo lile alilijua. Alilifunga kwa mikono yake asubuhi.

Alikimbia. Hakuangusha ufagio, hakukumbuka kuuangusha. Ngazi za ghorofa ya nne zilikuwa na maji. Aliteleza. Aliinuka. Mlango wa paa ulikuwa wazi.

Upepo ulimpiga usoni. Paa lilikuwa limelowa, linang'aa. Mwisho wake, pale pasipo na ukuta wala ukingo, ilisimama A nyekundu. Ngazi ya chuma ilikuwa imeegemea kwayo. Darlène alikuwa juu kabisa, koleo mkononi, waya mdomoni. Upepo ulikuwa unapeperusha nguo zake. Bango zima lilikuwa linalia.

Ngazi peke yake haikutikisika.

"Aksanti, kaka," Darlène alisema, akitazama chini. "Shika hivyo hivyo. Namaliza."

Chini ya ngazi hapakuwa na mtu.

Darlène aligeuza kichwa, akatabasamu. "Mama! Usiogope. Huyu kaka ananishikia."

Mathilde alipima haraka. Akipiga kelele, mtoto atashtuka. Akimwambia hakuna mtu, mtoto atatazama vizuri. Alitembea taratibu. Hatua moja. Nyingine. Mita tatu kutoka kwenye ngazi alisimama, kwa sababu baridi ilikuwa inaanzia hapo.

Aliongea kwa sauti ya chini, ile anayotumia kwa mtoto mwenye homa.

"Joël. Majani yako ni haya. Ni mimi niliyang'oa. Nilikuwa muchovu. Mama yako hana kosa, na huyu hana kosa. Nitayafikisha leo. Muache mutoto ashuke."

Upepo ulikatika.

"Unaongea na nani?" Darlène akauliza, ameanza kushuka. Kipandio cha nne. Cha tatu. Mguu wake ulipogusa paa, ngazi ilianza kutikisika. Ikateleza pembeni. Ikapita mwisho wa paa.

Walihesabu bila kutaka. Moja. Mbili. Kisha ule mlio, chini, kwenye saruji.

Darlène alitazama huku na huku. "Yule kaka amekwenda wapi?"

"Ameshuka," Mathilde akasema. "Twende."

*

Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya kanisa, ufagio mkononi, watu wanamshangaa. Estelle alikuwa uani, anachambua maharagwe.

"Mama, nilikuongopea. Hapakuwa mbuzi."

"Nilijua." Estelle hakuinua sauti. "Mutu muchovu haongope vizuri."

"Nisamehe."

"Nimezaa saba, nimebakia na wawili. Hasira pia inataka nguvu, mama. Sina." Alinyoosha mikono, akaupokea ufagio kama anavyopokelewa mtoto mchanga. Akauweka kifuani. "Joël," aliita. "Joël, tunarudi." Kisha akamgeukia Mathilde. "Iko yote hii?"

"Yote," Mathilde akasema.

Hakuwa anadanganya. Hilo analiapia mpaka leo. Alikuwa na siku nzima miguuni, ghorofa nne, mtoto wake alikuwa hai, na kichwani mwake hakukuwa na kitu kingine. Ufagio mfupi, ule wa nyumbani, haukumjia akilini.

Estelle aliufunga mgongoni kwa kitenge, akalala ameketi, na alfajiri ya Jumapili, siku ya Mungu, akapanda pikipiki kurudi Wamaza. Jioni yake bango liliwashwa. Herufi zote sita ziliwaka. Raphaël alirudisha kiti chake mahali pake pa zamani, na Djamali alisema mbele ya watu kwamba msichana yule ni fundi kuliko wanaume. Mathilde alikula, akalala. Alilala kama jiwe, kwa mara ya kwanza tangu mvua zile.

Jumatatu, kabla ya jua, alitoka kufagia kiwanja chake.

Kilikuwa kimeshafagiliwa.

Kilifagiliwa vizuri, mistari myembamba iliyopangana kama mifupa ya samaki. Alisimama akaitazama. Sisi wote tunafagia kutoka mlangoni kwenda njiani. Uchafu unatolewa nje. Mistari hii ilikuwa imetoka njiani ikaja ndani. Ilipita jiko, ikapita mlango wake yeye, ikaishia chini ya dirisha la Darlène. Hapakuwa na unyayo hata mmoja.

"Darlène. Umefagia wewe?"

"Mimi? Nimeamuka sasa hivi." Binti alitoka anafunga kitambaa, macho yamejaa usingizi. "Ah, basi ni yule kaka."

"Kaka gani?"

"Wa juu ya paa. Si nilikuambia? Tulikuwa tunaongea vizuri. Aliniuliza kwetu ni wapi, nikamuonyesha na mukono. Kutoka kule juu bati yetu inaonekana. Akasema atapita." Alipiga miayo. "Akasema wewe mwenyewe ulimualika. Akuje akusaidie kufagia."

Mathilde aligeuka kutazama ukuta wa jiko, mahali ufagio mfupi unapoegemezwa kila jioni. Haukuwepo. Hajauona tena mpaka leo.

Alifuata mistari ile mpaka njiani. Huko aliyakuta. Matawi matatu ya mchikichi, yamechomekwa kando ya njia mbele ya nyumba yake, mabichi, umande juu ya majani. Kwenye kila shina palikuwa na alama za vidole, nyekundu, rangi ya zile herufi. Aligusa moja. Ilikuwa bado mbichi.

Kwake hakuna aliyekufa. Darlène ni mzima, anakula, na benki ya ng'ambo imemwita kuja kuwasha bango lao watakapomaliza. Mama yake amemkataza. Yeye anasema atakwenda. Matawi yako pale pale, nasi tumeyaona kwa macho yetu. Wiki ya tatu hii, hayakauki. Hakuna anayethubutu kuyang'oa.

Wenye pikipiki wakifika hapo wanapunguza mwendo, kama adabu inavyotaka. Mmoja alisimama kabisa, akavua kofia.

"Pole, mama. Nani amekufa?"

Mathilde alikuwa na ndoo ya maji kichwani. Hakuitua.

"Bado," akasema, akapita.